Je, wajua? Repo moja ya Git inaweza kuwa na folda nyingi za kazi

Uko Mbeya mjini, unaongeza sehemu mpya kwenye programu ya kupokelea parachichi za wakulima wa Rungwe. Faili ziko wazi, nusu hazijakamilika. Simu inaingia kutoka Tukuyu: mizani inasoma kilo, risiti inatoka na sifuri. Utarekebishaje hilo bila kuvuruga kazi uliyoishika?

Wengi hukloni (hunakili) upya repo, yaani hazina ambamo Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, huweka mradi, wakiamini kwamba kila folda ya kazi lazima ibebe historia yake yote. Imani hii imeota mizizi, nayo inakula bando: ukikloni kutoka kwenye seva, historia nzima inashushwa tena, na komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya folda moja haionekani kwenye nyingine mpaka uivute. (Ukikloni ndani ya diski ileile nafuu ipo, kwa kuwa Git huunganisha faili za historia badala ya kuzinakili. Lakini bado hizo ni repo mbili.)

Kumbe historia na folda ya kazi ni vitu viwili. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa mwenye stoo moja anaweza kuwa na meza mbili: mchele wa Kyela huku, maharage kule, mzigo wote ukitoka stoo ileile. Akiongeza meza hajengi stoo nyingine. Anahitaji tu kujua kila meza imepangwa nini. Hiyo ndiyo kazi ya git worktree, iliyoingia kwenye Git 2.5 mwaka 2015:

git worktree add -b risiti ../risiti main

Amri hiyo inaunda folda risiti pembeni, yenye tawi jipya (mkondo wa kazi) liitwalo risiti, likianzia tawi la main. Fungua .git ndani ya folda mpya. Si folda, ni faili yenye mstari mmoja unaoanza na gitdir: na kuelekeza kwenye .git/worktrees/risiti ya repo mama. Huko ndiko zinakokaa HEAD (alama ya tawi lililo wazi) na indeksi (orodha ya yanayosubiri kukomitiwa) za folda hii peke yake. Komiti, matawi, hata stash (kazi iliyowekwa kando), ni vya wote. Mstari mmoja tu umebeba mpango wote, na inapendeza kuuona.

Tawi moja, hata hivyo, halifunguki kwenye folda mbili bila kulazimisha. Ukikomiti huku, tawi linasogea. Kule faili zinabaki za zamani, na git status, amri ya kuona kilichobadilika, ingeonyesha mabadiliko ambayo hakuna aliyeyafanya.

Faili zisizofuatiliwa na Git, kama .env ya mipangilio, hazihami; uzinakili wewe mwenyewe. Ukimaliza, git worktree remove ../risiti huondoa folda, na tawi linabaki. Ukiifuta kwa mkono, malizia na git worktree prune, ifute kumbukumbu zake kwenye repo mama.