Kegi ya mbege iachwe ipumue

Mama mmoja wa Kibosho alinionyesha dari ya stoo yake. Kwenye mbao kulikuwa na alama ya duara, upana wa kisahani cha chai. Alikuwa ameanza tu kuzungusha kifuniko cha kegi ya plastiki, kikamponyoka mkononi na kuruka juu. "Mwanangu, nilijua ni bomu," aliniambia. Uso wake ulikuwa pembeni kidogo, si juu ya kifuniko. Hicho ndicho kilichomwokoa.

Kazi yangu ni usalama wa chakula na vinywaji, na hapa Moshi sina neno baya na wapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ninachoomba ni kimoja: kegi isifungwe kabisa wakati pombe bado inachacha.

Hamira inapokula sukari ya ndizi mbivu hutoa vitu viwili kwa uzito unaokaribiana, kilevi na gesi ya kabonidayoksaidi. Chukua lita 20 za mbege. Mpaka kilevi kifike asilimia 5, gesi iliyokwisha kutoka inapita lita 400, yaani ujazo wa madumu ishirini makubwa. Pipa la mbao lililofunikwa majani ya mgomba liliiachia gesi hiyo njia bila mtu kuifikiria. Kegi haina huruma hiyo.

Wengine hunijibu kwamba kegi yao ni ya chuma, ina valvu ya kupunguzia mgandamizo. Ni kweli, lakini kegi hiyo ilitengenezwa kwa bia ya shayiri iliyochujwa. Mbege ina mso, uji wa kimea cha ulezi wenye uchungu wa gome la mti wa msesewe, na makapi yake hayaishi hata ukichuja mara mbili. Niliwahi kufungua valvu ya kegi iliyooshwa na kukauka, nikakuta makapi ya ulezi yamegandamana ndani kama ukoko wa ugali. Sindano haikupita. Valvu ya namna hiyo ni pambo tu. Tena ukishachanganya mso na nyalu, yaani ndizi zilizopikwa na kuchachushwa, unakuwa umeipa hamira chakula kipya, kwa hiyo pombe uliyodhani imetulia inaanza upya.

Jaza kegi robo tatu, usipite hapo, maana povu linahitaji nafasi. Mdomoni funga kitambaa safi, au pitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko na ncha yake uitumbukize kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka kwa mapovu, na inzi hawaingii. Kagua mpira kila siku, kwani nao huziba. Mbege hunywewa ikiwa bado hai, kwa hiyo kwake siku ya kukaza kifuniko haifiki. Anayetengeneza bia ya shayiri nyumbani apime kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki: kipimo kikibaki palepale siku tatu mfululizo, hapo ndipo afikirie kufunga.

Na kama umeshaifunga na sasa imevimba? Usiitikise, usiisogeze juani, watoto watoke. Ipoze kwa maji baridi kwa saa kadhaa, kisha funika kifuniko kwa gunia zito lililolowa, uso wako uwe mbali. Kilegeze kifuniko kidogo sana, usubiri sauti ya gesi iishe, ndipo ulegeze tena. Kwa kegi ya chuma, vuta valvu kwanza. Usiposikia gesi ikitoka, usiseme haina kitu. Hesabu kwamba valvu imeziba.

Chombo chenyewe kiwe cha plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Pipa la mabati halifai, kwa sababu uchachu wa mbege huyeyusha zinki, na mnywaji huishia kutapika. Dumu lililobeba dawa ya kahawa halisafishiki kwa kuchemshiwa maji. Plastiki hunyonya sumu na kuirudisha polepole.

Kuna jambo moja zaidi, nami huliangalia kila ninapoingia nyumba yenye mapipa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, haina rangi, na humkosesha mtu pumzi. Stoo iwe na dirisha wazi, na mtoto asilazwe mkekani humo. Pipa kubwa likimwagwa, lisafishwe kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, baada ya kulilaza ubavu kwenye upepo. Usiingize kichwa.