Utafiti "kutenguliwa" maana yake nini?

Juzi barazani kwetu Ngamiani mzee mmoja alitusomea ujumbe aliotumiwa kwenye simu: utafiti wa dawa ya saratani "umetenguliwa". Akauliza, basi ile dawa ni sumu? Neno hili tumelizoea kwa teuzi za wakubwa, lakini mimi nilimjibu kwa mfano wa udhu. Ukiswali kisha ukagundua udhu ulikuwa umetenguka, sura ulizosoma hazigeuki kuwa makosa. Ila swala haihesabiwi. Unarudia.

Makala ya kisayansi nayo ina udhu wake, nao ni uhakiki. Kabla ya kuichapisha, mhariri wa jarida huwapelekea wataalamu wawili watatu wa fani hiyohiyo waisome kwa jicho kali: wagonjwa walikuwa wangapi, hesabu zimekaaje, hitimisho halijazidi ushahidi? Mara nyingi mwandishi haambiwi ni akina nani.

Sasa, majarida mengi yalimruhusu mwandishi apendekeze wahakiki na kutaja barua pepe zao. Wajanja wakapenya hapo. Mtu anaandika jina la profesa wa kweli, lakini anwani kaifungua mwenyewe. Mhariri akituma, makala inamrudia mwenyewe, naye anajimwagia sifa. Mwaka 2012 mtafiti mmoja wa Korea Kusini, aliyekuwa akichunguza mimea ya dawa, aliumbuka hivyo. Kilichomponza ni haraka: "wahakiki" wake walijibu ndani ya saa 24. Profesa gani huyo asiye na kazi nyingine!

Aprili 2017 kampuni ya uchapishaji ya Springer ilitengua kwa mkupuo makala 107 za jarida la saratani la Tumor Biology, zilizochapishwa kati ya 2012 na 2016, kwa sababu ya uhakiki wa kughushi.

Kutenguliwa ni jarida kutangaza kwamba makala haihesabiwi tena; si kufutwa. Kwa kawaida makala hubaki mtandaoni, imegongwa alama, pamoja na tangazo la sababu, ili waliokwisha kuinukuu wajue. Sababu ndiyo ya kusoma. Ikiwa takwimu zilipikwa, matokeo hayana kitu. Ikiwa uhakiki ndio uliochezewa, matokeo huenda ni kweli, huenda si kweli. Hakuna aliyeyapima inavyotakiwa, na dawa haianzwi wala haiachwi kwa karatasi ya namna hiyo.

Tukaurudia ujumbe wa mzee tangu mwanzo. Haukutaja sababu, wala jina la jarida.