Je, wajua kwa nini giaboksi kuukuu ya boti bado hupata spea?

Giaboksi ya Velvet Drive, kazi ya kampuni ya Borg-Warner ya Marekani, ilifungwa kwenye boti nyingi mno tangu miaka ya 1960. Borg-Warner ilishaachana nayo zamani na tawi lililoitengeneza likaenda kwa kampuni ya Regal-Beloit, lakini giaboksi zenyewe bado zinazungusha propela. Spea zinatoka wapi?

Vingi vinavyochakaa ndani yake havikuundwa kwa ajili yake peke yake. Beringi na sili za mafuta (pete za raba zinazozuia mafuta yasivuje kwenye shafti) kwa kawaida hufuata vipimo sanifu. Ukitoa beringi iliyokufa, ifute vizuri usome namba ubavuni. Tuseme ni 6206: zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, unapata 30, na hizo ndizo milimita za tundu la shafti. Kanuni hiyo inaanzia 04. Chini ya hapo, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Duka linalouza beringi za pampu za maji linaweza kuwa nayo. Soma na herufi zinazofuata namba. 2RS ina raba pande zote mbili, na ukiiweka mahali palipokuwa na beringi ya wazi, mafuta ya giaboksi hayataipenya.

Kwa sili, pima shafti, tundu linamokaa, na unene. Kisha pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, hivyo iweke ili mdomo wake ukae pembeni ya mfereji huo, au shafti ivalishwe bomba jembamba.

Gia na ganda ndivyo vigumu kupata. Hivyo hutoka kwenye giaboksi nyingine iliyokufa, na kwa hiyo naumia nikiona moja ikipelekwa kwenye mizani ya chuma chakavu.

Lakini klachi ya Velvet Drive yaweza kuuawa na mwenye boti mwenyewe. Sahani zake hubanwa kwa shinikizo la mafuta, na chini ya mkono wa gia kuna kigololi chenye springi kinachotumbukia kwenye kishimo gia inapoingia sawasawa. Kebo ikiwa nzito, mtu hukitoa kigololi ili mkono uwe mwepesi. Tangu hapo mkono unaweza kuishia njiani, valvu ikafunguka nusu, shinikizo likapungua, sahani zikateleza na kuungua. Mtengenezaji alionya kabisa kwamba ukikiondoa, dhamana inafutika.

Injini ikiwa imezimwa, chomoa kebo, sukuma mkono kwa vidole mpaka usikie kigololi kikitumbukia, mbele na rivasi. Kisha rekebisha urefu wa kebo ufuate mkono ulipofika.