Kuhusiana na kusababisha ni mambo mawili

Umezunguka tena ujumbe ule kwamba wanasayansi wamegundua bakteria wa fizi ndio wanaosababisha ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau hata majina ya wanawe. Safari hii umekuja na ushauri wa dawa ya kusukutua. Hilo halijathibitishwa. Kilichopatikana ni uhusiano.

Mambo mawili yanahusiana pale moja linapoongezeka au kupungua na la pili nalo likabadilika kwa mpangilio unaopimika. Basi. Uhusiano hausemi lipi lilitangulia, wala kama kuna la tatu linaloyasukuma yote mawili. Kusababisha ni dai zito zaidi: kwamba ukiliondoa la kwanza, la pili litapungua au litakoma.

Bakteria anayetajwa ni Porphyromonas gingivalis. Hukaa kwenye vifuko vinavyojitokeza kati ya jino na fizi, chini ya ukoga, mahali pasipo na hewa, na hutoa vimeng'enya viitwavyo gingipaini vinavyokatakata protini za mwili. Mwaka 2019 watafiti waliandika katika jarida la Science Advances kwamba wameviona vimeng'enya hivyo katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer. Panya walioambukizwa kupitia mdomoni nao walikutwa na bakteria huyo ubongoni. Ni matokeo mazito, na sipendi yanapobezwa. Lakini mtu aliyeanza kusahau husahau pia kupiga mswaki, kwa hiyo huenda fizi zimeharibika kwa sababu ya ugonjwa na si kinyume chake. Huenda pia ubongo uliokwisha kudhoofika unapenywa kirahisi na vijidudu. Tena vimeng'enya hivyo vilionekana hata katika ubongo wa baadhi ya watu ambao hawakuwa wamepimwa na kukutwa na ugonjwa huo. Waandishi wa utafiti walisema huenda hao walikuwa njiani kuugua. Inawezekana, ila kuwezekana hakutoshi.

Njia ya kujua ni kuondoa kinachoshukiwa na kutazama kinachofuata. Hilo lilijaribiwa. Kampuni ya Cortexyme ilitengeneza dawa ya kuzima gingipaini na kuipima kwa wagonjwa 643 huko Marekani na Ulaya, wengine wakimeza dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, bila kujua nani kapata nini. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2021: kwa jumla, waliomeza dawa hawakuhifadhi kumbukumbu wala uwezo wa kujihudumia vizuri kuliko wenzao. Kampuni ilionyesha kundi dogo, lenye bakteria huyo kwenye mate, ambalo lilielekea kudhoofika polepole zaidi. Hilo nalo ni dokezo linalohitaji jaribio lake. Na tusiruke upande wa pili: jaribio moja kushindwa hakumfutii bakteria kesi, kwa kuwa pengine wagonjwa walipewa dawa wakiwa wamechelewa.

Linganisha na vidonda vya tumbo. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walimkuta bakteria Helicobacter pylori kwenye matumbo ya wagonjwa wengi, na kwa miaka kadhaa huo ulikuwa uhusiano tu. Mwaka 1984 Marshall alimeza bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa utando wa tumbo. Kilichomaliza ubishi hasa ni kwamba wagonjwa waliopewa antibiotiki za kumwondoa bakteria walipona na vidonda havikurudi kama zamani. Tuzo ya Nobel ya tiba ikawafikia mwaka 2005. Kwenye Alzheimer hatujafika hapo.

Kuna kosa jingine, na hili huniudhi karibu sawa na la kwanza. Mtu akishaelewa tofauti hii, huanza kusema ni uhusiano tu, kana kwamba haufai kitu. Wanafalaki hawawezi kuigusa nyota wala kuipa dawa, na bado wamefika mbali. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Harvard alichunguza nyota 25 za aina ya Sefeidi, ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa zamu, katika kundi la nyota liitwalo Wingu Dogo la Magellan, akaona kwamba kadiri nyota inavyong'aa zaidi ndivyo inavyochukua muda mrefu kuongeza na kupunguza mwanga wake. Kwa nini, hakuna aliyejua kwa uhakika. Mwaka 1923 mwanafalaki Edwin Hubble alitumia uhusiano huo huo kukadiria umbali wa nyota moja iliyomo Andromeda, na ikadhihirika kuwa Andromeda ni galaksi nyingine, yaani kundi kubwa la nyota, mbali nje ya Njia Nyeupe yetu. Sababu yenyewe, yaani tabaka la gesi ya heliamu ndani ya nyota linalozuia joto kisha kuliachia, ilieleweka miongo kadhaa baadaye.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeusambaza ujumbe ule, ubadilishe neno moja: andika kwamba bakteria wa fizi wanahusishwa na Alzheimer. Ushauri wa dawa ya kusukutua uondoe. Na mzazi ambaye fizi zake zinatoka damu akipiga mswaki, mpeleke kwa daktari wa meno asafishwe ukoga, kwa sababu ugonjwa wa fizi wenyewe hung'oa meno, na kwa mwenye kisukari kuutibu husaidia kidogo kushusha sukari. Hayo mawili yamepimwa.