Hali ya maandishi na hali ya binari katika kuhamisha mafaili ya meinifremu

Hali ya uhamishaji ni agizo linaloieleza programu ya kuhamisha faili izifanyie nini baiti inazozibeba: izitafsiri njiani, au izifikishe jinsi zilivyo. Tafsiri ikifanyika, hiyo ni hali ya maandishi. Isipofanyika, ni hali ya binari. Kwa anayepokea mafaili kutoka meinifremu, yaani kompyuta kuu za kutunza miamala mingi, agizo hili huzaa hitilafu zinazochosha kuliko kukatika kwa mtandao, kwa kuwa faili hufika, ujumbe wa kukamilika hutoka, na kilichomo ndani kimeshaharibika.

Mkazi wa Kigoma anaweza kulifikiria jambo hili kwa mfano wa bandari yake. Mzigo ulioletwa na reli hadi Ziwa Tanganyika huhamishwa kutoka behewani kwenda melini, na ama magunia hufunguliwa yakapimwa upya, ama kontena huinuliwa na lakiri yake bila mtu kugusa kilichomo.

Haja ya tafsiri inatokana na historia. Kompyuta za System/360, zilizotangazwa na IBM mwaka 1964, zilikuja na mfumo wa herufi uitwao EBCDIC, na meinifremu za ukoo huo bado zinautumia, ilhali seva nyingine nyingi zinafuata ASCII na mifumo iliyojengwa juu yake. Herufi A ni namba 193 katika EBCDIC na 65 katika ASCII. Nafasi tupu kati ya maneno ni 64 katika EBCDIC, namba ambayo katika ASCII ni alama ya @. Ndiyo maana faili la majina lililohamishwa kwa binari, likafunguliwa bila kutafsiriwa, huonyesha vibambo vya ajabu na @ nyingi. Hitilafu hiyo naiona ya kiungwana, kwa sababu inajionyesha.

Isiyojionyesha ni kinyume chake. Meinifremu hupenda kuhifadhi kiasi cha fedha kwa kubana tarakimu mbili katika kila baiti, na nusu ya pili ya baiti ya mwisho hubeba alama ya jumlisha au ya toa. Shilingi 1,400 zinaweza kuandikwa kwa baiti tatu: 01, 40 na 0C, ambapo C ni jumlisha. Faili hilo likihamishwa kwa hali ya maandishi, programu haijui kwamba hizi ni fedha. Inaiona 40, ambayo kwa hesabu ya msingi wa 16 ndiyo 64 ileile ya nafasi tupu, na inaigeuza kuwa 20, nafasi tupu ya ASCII. Baiti 01 na 0C hazibadiliki. Mpokeaji anasoma shilingi 1,200, kiasi kinachoaminika kabisa, na hakuna onyo lolote lililotolewa.

Kwa upande wa kurudi, yaani faili linapotumwa kwenda meinifremu, majina yenye ng' yana mtego wao. Kikato kilichopindwa na programu ya kuandikia huchukua baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa herufi uliojengwa juu ya ASCII, na katika rekodi za urefu maalumu, zinazotenganishwa kwa kuhesabu baiti na si kwa alama ya mwisho wa mstari, baiti mbili za ziada zinatosha kusogeza safu zote zinazofuata. Kikato kilichonyooka hakina tatizo hilo.

Si kila uhamishaji ulioshindwa unahusu hali hizi. Ikiwa FTP, njia ya kawaida ya kuhamisha mafaili mtandaoni, inakubali nywila lakini inaganda unapoomba orodha ya mafaili, yaelekea kinga ya mtandao imeruhusu mlango namba 21 wa amri na kuzuia mlango wa data. Kosa la B37, D37 au E37 linamaanisha kwamba nafasi iliyotengwa kwa ajili ya faili kwenye meinifremu haikutosha.

Lakini faili likifika na hesabu zikakataa kulingana, omba maelezo ya mpangilio wa rekodi kabla ya kuomba litumwe tena. Kama zimo safu zilizobanwa, ama mtumaji azigeuze kuwa tarakimu za kawaida kisha atume kwa maandishi, ama litumwe kwa binari na seva ya huku itafsiri safu moja moja. Ukubwa wa faili la binari lenye rekodi za urefu maalumu ugawanyike kwa urefu wa rekodi bila baki, na katika jaribio la kwanza iwepo rekodi moja yenye kiasi ambacho pande zote mbili zinakifahamu.