Protini isipojikunja vizuri, seli ya mafuta haizaliwi

Tukizungumzia unene uliopitiliza, mara nyingi tunaishia kwenye sahani. Chakula kina uzito wake, sikatai, ila mafuta yakishaingia mwilini yanahitaji seli ya kuyapokea. Seli hiyo hutokana na seli changa, na haikomai mpaka protini kadhaa zikae katika umbo lake sahihi.

Protini huundwa ikiwa mnyororo wa asidi amino, kisha hujikunja. Nyingi haziwezi peke yake. Husaidiwa na protini saidizi, mojawapo ikiwa Hsp90. Miongoni mwa zinazoitegemea ni PPAR-gama, ambayo huwasha jeni za kutengeneza mafuta. Nguvu yake ilijulikana mwaka 1994, maabara ya Bruce Spiegelman kule Boston ilipoipandikiza katika seli zisizo za mafuta, nazo zikageuka kuwa za mafuta. Ukiizuia Hsp90 maabara, PPAR-gama huvunjwavunjwa, na seli changa hubaki changa.

Basi si tuizuie tumalize unene? Hapana. Watu wenye lipodistrofia, yaani waliopungukiwa seli za mafuta, hupata kisukari na ini lenye mafuta hata wakiwa wembamba, kwa sababu mafuta yaliyokosa ghala hujipenyeza kwenye ini na misuli. Kinyume chake, pioglitazoni, dawa ya kisukari inayoichochea PPAR-gama na hivyo kusaidia seli mpya za mafuta kukomaa, huweza kumwongezea mgonjwa kilo huku sukari yake ikishuka. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote: seli mpya ndogo ni nafuu kuliko za zamani zilizofura.

Seli iliyofura huelemewa. Sehemu yake inayokunja protini za kutolewa nje hushindwa kuhimili kazi, protini zilizopinda hurundikana, na ishara za dharura zinazofuata huifanya seli isiitikie insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hali hii ilionyeshwa kwa panya wanene mwaka 2004.

Hsp90 hutumika karibu kila mahali mwilini, hivyo kuizuia kwa ajili ya unene ni hatari. Watafiti wanamwangalia zaidi mshirika wake, FKBP51: panya waliozaliwa bila protini hii, hata wakilishwa mafuta mengi, hawanenepi kama wenzao. Kwa binadamu bado haijawa tiba.