Je, wajua kwa nini mpasuaji mbao hugeuzageuza gogo badala ya kulipasua moja kwa moja?

Ukimtazama mtu anayepasua gogo kubwa la mbao ngumu kwa mashine ndogo ya kuhamishika, utaona kwamba muda mwingi unakwenda kwenye kugeuza kuliko kwenye kupasua. Msumeno unapita mara moja au mbili, unazimwa, mitaimbo inashikwa, gogo linabiringishwa nusu mzunguko, linafungwa upya, ndipo msumeno unawashwa tena. Na gogo lenyewe si mzigo wa mchezo. Lenye kipenyo cha sentimita 90 na urefu wa mita 3 lina karibu mita za ujazo 1.9, na kwa kuwa mbao ngumu nyingi zikiwa mbichi huwa na uzito wa karibu tani 1 kwa kila mita ya ujazo, hapo tunazungumzia karibu tani 2. Kwa nini basi watu wajitese kuligeuza mara nne au tano, ilhali wangeweza kuanza juu na kushuka ubao baada ya ubao hadi chini?

Ni kwa sababu gogo halijatulia. Kwa macho limelala kimya, lakini ndani yake mna nguvu zinazovutana, na kila ubao unaotolewa unavuruga mizani ya nguvu hizo. Anayepasua upande mmoja tu atapata mbao zilizopinda, nyingine nene katikati na nyembamba nchani, hata kama msumeno wake ni mpya na mashine imenyooka kabisa.

Nguvu hizo hutokana na jinsi mti unavyokua. Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka jipya la mbao chini ya gome. Seli changa za tabaka hilo zinapokomaa na kukakamaa, hutaka kufupika kidogo kuelekea urefu wa shina. Lakini hazina nafasi ya kufupika, kwa sababu zimeshikamana na mbao ya zamani ambayo tayari ni ngumu. Zinabaki zimenyooshwa, na wakati huohuo zinaibana mbao iliyo ndani yao. Msimu unaofuata tabaka jingine linakuja juu yake na kufanya vivyo hivyo. Mti ukishakuwa mkubwa, sehemu yake ya nje yote inavuta na sehemu ya kati yote imegandamizwa, kama upinde uliokazwa kamba ukasubiri.

Mti wenyewe unanufaika sana na hali hiyo. Mbao huhimili kuvutwa kuliko kugandamizwa kwa urefu wa nyuzi zake. Upepo ukiinamisha shina, upande mmoja hunyooshwa na mwingine hubanwa, na ule upande unaobanwa ndio ulio hatarini. Kwa kuwa nje ya shina tayari kuna mvuto wa akiba, upepo lazima kwanza uumalize mvuto huo ndipo nyuzi zianze kubanwa kweli. Nauona huu kuwa mpango wa ajabu na mzuri: mti hujiimarisha dhidi ya dhoruba ambayo bado haijaja.

Ila mti ukishaangushwa, akiba ile haiondoki. Angalia uso wa gogo lililokatwa na mara nyingi utaona nyufa zinazotoka katikati kuelekea nje kwa umbo la nyota. Hizo ni nguvu zilizopata mlango wa kutokea. Mikaratusi inasifika kwa tabia hii. Baadhi ya magogo yake hupasuka pale pale msumeno wa mnyororo unapomaliza kukata kipande. Na mti wa mbao ngumu ulioota umeinama huwa na mbao ya pekee upande wa juu, yenye mvuto mkali zaidi, kwa hiyo gogo lake humsumbua fundi kuliko la mti uliosimama wima. Hata tawi nene namna gani, kwa sababu hiyohiyo, si mahali pa kutafuta mbao zilizonyooka.

Sasa simama karibu na mashine msumeno unapotoa banzi la kwanza, lile pande la nje lenye gome. Msumeno unaingia nchani na kusonga taratibu. Kabla haujafika katikati ya gogo, ncha ya banzi iliyo nyuma yake huanza kunyanyuka yenyewe, na unaona mwanga katikati ya banzi na gogo. Hakuna aliyeiinua. Uso wa nje wa banzi ulikuwa umenyooshwa, sasa umeachiwa, unafupika. Uso wa ndani haukuwa umenyooshwa kiasi hicho, kwa hiyo haufupiki kama wa nje. Kwa hiyo banzi linajikunja kuelekea upande wa gome.

Watu wengi huona hapo tu. Ila gogo lililobaki kwenye kitanda cha mashine nalo limejikunja, kwa upande wa pili. Limepoteza mvuto wa juu huku mvuto wa chini ukiwa bado upo, kwa hiyo katikati yake panapanda kidogo na ncha zinashuka. Msumeno haujui hayo. Unapita umenyooka kwenye reli zake, na ubao unaofuata unatoka mnene katikati na mwembamba nchani. Ukiendelea kushuka upande uleule, kosa linakua ubao hadi ubao. Gogo nene sana hupinda kidogo mwanzoni, kwa kuwa uzito na unene wake vinalizuia. Linapozidi kupungua ndipo linapojionyesha, na kufikia hapo mbao bora za nje zimeshatolewa vibaya.

Ndiyo maana gogo hugeuzwa. Ukishatoa banzi na ubao mmoja au mbili juu, unaligeuza nusu mzunguko na kutoa kiasi kilekile upande wa pili. Mvuto uliobaki chini nao unaachiwa, pande mbili zinalingana tena, na gogo linarudi kunyooka. Kisha robo mzunguko, na pande mbili zilizobaki zinafanyiwa hivyohivyo. Kila baada ya kugeuza, fundi makini hupitisha msumeno kwa kuparuza tu, akiondoa milimita chache ili kusawazisha uso kabla ya kupima ubao wa kweli. Anayeona milimita hizo kuwa hasara atazilipia kwenye mbao zote zinazofuata.

Kuna na suala la aina ya mpindo. Ubao uliopinda kwa unene wake, yaani ukiulaza unanyanyuka katikati au nchani, unaweza kunyooshwa kwa kuubana kwenye rundo wakati wa kukauka. Uliopinda kwa upana, ukichungulia ubavuni unauona kama mundu, haunyooshwi na uzito wowote. Dawa yake ni kukata kingo, na hapo unapoteza upana. Kwa hiyo mpasuaji huchagua pande za gogo ili mpindo, kama lazima utokee, utokee kwenye unene.

Kugeuza kuna faida nyingine ya wazi: gogo linapungua hadi kuenea kwenye mashine. Mashine nyingi ndogo hupokea gogo la kipenyo cha sentimita 65 hadi 75 hivi, maana msumeno wake ni utepe, yaani mkanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaopita katikati ya nguzo mbili na nafasi hiyo haiongezeki. Gogo la sentimita 90 hupunguzwa kwanza mbavu kwa msumeno wa mnyororo, au hupasuliwa kati kupitia moyo wake. Nusu bado ina upana uleule wa gogo zima, kwa hiyo mara nyingi huendelea hadi robo. Robo zina uzuri wake: hutoa mbao ambazo pete za ukuaji zimesimama wima kwenye unene, na mbao za namna hiyo hutulia sana zikikauka. Ubaya wake ni kwamba mkazo katika robo hauko sawa pande zote, na ule mpindo wa mundu hutokea kirahisi.

Kabla ya yote hayo, gogo linalazwa vizuri. Magogo huwa manene shinani na membamba juu. Kama shina lina sentimita 80 na ncha ina 70, ncha nyembamba hupandishwa kwa sentimita 5 ili moyo wa gogo, siyo gome, ndio uwe sambamba na reli. Na vigingi vya kuzuia gogo lisivuke kitanda husimamishwa kabla ya kulibiringisha, wala mtu hakai upande linakoelekea. Tani 2 zikianza kubiringika, mtaimbo hauzisimamishi.

Je, injini ndogo inatoa wapi nguvu ya kupasua kitu cha namna hiyo? Siri iko kwenye wembamba wa msumeno. Wazo la msumeno wa utepe lilisajiliwa Uingereza na William Newberry mwaka 1809, lakini tepe zilikuwa zikikatika kwenye kiungo mpaka Mfaransa Anne Paulin Crépin alipopata njia ya kuziunga na kuisajili mwaka 1846. Tepe za mashine ndogo za leo zina unene wa milimita moja na kidogo, na hula karibu milimita 2 za mbao kwa kila mpito. Msumeno wa mnyororo hula karibu milimita 9. Pitisha mara 20: utepe umegeuza sentimita 4 za gogo kuwa unga, mnyororo umekula sentimita 18. Mbao kidogo ya kusaga maana yake ni injini ndogo ya kutosha.

Wembamba huo, lakini, una masharti. Fikiria mpito mmoja wenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 3. Hata kwa milimita 2 tu, hiyo ni zaidi ya lita 3 na nusu za mbao, na ikishakuwa unga uliotawanyika inaweza kujaza ndoo ya lita 10. Unga wote huo hutolewa na mabonde madogo yaliyo kati ya jino na jino. Kwenye gogo jembamba jino hubeba mzigo wake sentimita 20 na kuutupa. Kwenye gogo pana hubeba mara tatu ya hapo. Ukiharakisha, bonde linajaa kabla ya kufika upande wa pili, unga unapenya ubavuni mwa utepe, utepe unapata moto, unarefuka, unalegea, na kuanza kutembea kwa mawimbi. Ukienda polepole mno, meno yanasugua badala ya kukata, unga unakuwa laini kama poda, na joto linarudi palepale. Kwa hiyo kasi hutawaliwa kwa kusikiliza injini na kuutazama unga unaotoka, huku maji kidogo yakidondoshwa kwenye utepe. Kwa mbao ngumu wengi huchagua meno yasiyoinama sana mbele, digrii 7 au hata 4 badala ya 10, kwa sababu jino lililoinama sana hujichimbia.

Mbao nyingine zina adui wa ndani. Msaji, kwa mfano, una silika, yaani chembe ngumu kama za mchanga, inayoua makali haraka. Na ukiona doa la buluu iliyokolea karibu na nyeusi kwenye uso wa gogo lenye tanini nyingi, ile kemikali kali ya asili ya miti, simamisha kazi: mara nyingi kuna msumari au waya humo, na doa hilo limetokana na chuma kukutana na tanini.

Linabaki pande la katikati, lenye moyo wa mti. Mbao hunywea zikikauka, na kwa kufuata duara la pete hunywea karibu mara mbili ya zinavyonywea kuelekea moyoni. Ubao mwembamba wenye moyo ndani yake hauna namna ya kukwepa tofauti hiyo; utafanya ufa tu. Ndiyo maana wapasuaji wengi hawaupasui moyo kabisa. Huacha boriti ya mraba, moyo ukiwa katikati yake, mbao ikilingana pande zote nne. Boriti hiyo itafanya nyufa za juujuu, lakini itabaki imenyooka, kwa sababu kila upande unavutwa sawa na mwenzake.